Kuomba Alasiri kwa Wafiwa

Vijana wa Kashai, hapa Bukoba, wamemchora Projest ukutani. Ukuta wenyewe ni wa duka la vocha na vipuri vya bodaboda, na wamemvika kofia iliyogeuzwa nyuma, miwani myeusi, na mkufu wa dhahabu mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe. Mwezi uliopita waliniita kwenye sherehe yao ya kumkumbuka, wakanikalisha mbele pamoja na wakubwa wa kata, na kijana mmoja akanielekezea maiki. "Mama Ade, wewe ulikuwa naye. Shoo yake ya mwisho pale mjini ilikuwaje? Watu walijaa?" Nikamwambia walijaa mpaka mlangoni. Nimefanya biashara tangu nikiwa na meno yote, najua wakati wa kumpa mteja anachokitaka. Lakini niliporudi kwa mdogo wangu, kule Kahororo, ninakofikia siku hizi, nilikaa na kikombe cha chai mpaka kikaota utando, kwa sababu Projest hakuwahi kuvaa mkufu hata wa uzi, na shoo ya mwisho haikuwa mjini. Ilikuwa kijijini kwao, Muleba, ukiacha barabara kubwa na kuteremka upande wa Ngenge, kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, jua likiwaka. Watu walikuwa wachache kiasi kwamba niliwahesabu mara mbili nikapata jibu lile lile, jambo ambalo halikuwahi kunitokea kwenye disko lolote.

Mwaka ule Bukoba ilikuwa inazika. Miaka ya kabla yake tulizika, na ya baada yake tulizika, ila mwaka ule ndio niliomwuliza fundi seremala mmoja wa Kashai bei ya kitanda akaniangalia kama niliyemwomba anichongee meli, kwa kuwa alikuwa akichonga majeneza tu. Mimi nilikuwa mchuuzi wa dagaa: nawachukua kwa wavuvi wa visiwani, nawaanika, nawaleta mjini. Jumamosi nilisimama mlangoni kwenye disko la Projest na kuamua nani anaingia. Watu walidhani mimi ni mchumba wake. Nilikuwa meneja wake, na hilo ni baya zaidi, maana mchumba huweza kusamehe. Chumba chake kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, na mgeni aliketi kitandani kwa kuwa viti vyote vilikuwa vimekaliwa na mitambo: deki mbili za kanda, amplifaya aliyoiunda fundi redio kutoka kwenye mizoga ya redio nyingine, na spika moja ya tarumbeta iliyotoka vitani. Mjomba wake aliiokota ng'ambo ya mpaka wakati jeshi linarudi. Kuokota ndilo neno tulilotumia wote Kagera kwa vitu vya mwaka wa vita, na hakuna aliyeuliza vilikuwa vimeangukia wapi.

Kanda za Wamarekani zilimfikia kupitia Kampala, nakala ya nakala, zikiwa zimechoka na zina mchanga. Projest alitafuta mahali ambapo Mmarekani amenyamaza na ngoma inapiga peke yake, pengine kwa muda wa kupepesa macho tu. Akakirekodi kipande hicho, akabonyeza kitufe cha kusimamisha, akairudisha kanda nyuma kwa kalamu ili asile betri, akarekodi tena, na tena, kidole kikiwa juu ya kitufe kama mtu anayemvizia panya. Kutwa nzima ikiisha alikuwa na ngoma ya dakika tano isiyo na Mmarekani. Hapo ndipo alipochukua maiki na kusema juu yake, Kiswahili kikikimbizana na Kihaya, kuhusu mwenye nyumba wake, wasichana wa Kashai, bei ya kahawa, mapadri, na mimi. Vijana walisema ni hip hop. Wazee waliomsikia hawakushangaa hata kidogo. Walisema, huyu anajigamba, okwebuga, kama mababu walivyosimama mbele ya Mukama, mfalme wetu wa zamani, na mkuki mkononi wakajisifu kwa maneno ya haraka bila kumeza mate. Walichouliza ni mkuki wake uko wapi.

Alipoanza kukonda, tulifanya walivyofanya wote: hatukusema. Mwanzoni ugonjwa ule watu waliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo, kwa kuwa waliotangulia kufa walikuwa wafanyabiashara wa mpakani na ilisemekana wamelogwa na waliodhulumiwa. Baadaye redio ilitupa jina la serikali, nasi tukabaki kusema "anaumwa", tukaishia hapo na kutazama pembeni. Projest alibana mikanda, akavaa mashati mawili, akaweka shati la tatu. Siku moja akakohoa kwenye maiki katikati ya wimbo, spika ya vita ikakitangaza kikohozi kile Kashai nzima, na Jumamosi iliyofuata nilisimama mlangoni nikahesabu walioingia. Nikahesabu tena. Nikasema pengine ni mvua. Mvua haikuwapo.

Kwetu mtu huzikwa kibanjani kwao, katikati ya migomba ya baba zake. Ukifia mjini ni taabu kwa wote, madereva wanakataa maiti, ndugu wanazunguka na bakuli, kwa hiyo mwaka ule watu walirudi nyumbani mapema, wakiwa bado wanaweza kujipandisha wenyewe kwenye gari. Ukimwona mtu anapanda gari la Muleba na godoro lake limefungwa kamba, humwulizi atarudi lini. Projest aliacha godoro. Alipakia deki, amplifaya, spika na kanda zake kwenye kikapu cha dagaa, na mtu mmoja kwenye gari akacheka akasema, "Huyu anahamia, haendi kuugua." Nilimpenda mtu yule kwa uongo wake, hata leo sijui jina lake.

Nilikuwa nikipita kumtazama kila nilipotoka visiwani. Kilichonishtua si yeye, kwani kukonda nilikwishakuzoea. Kilichonishtua ni ukimya. Kwa desturi, mtu akizikwa, wafiwa hutandika majani makavu ya migomba sakafuni wakalala hapo, na kijiji hakishiki jembe, hakipigi ngoma, hakifungui redio, mpaka siku ya kuyafagia majani na kuyatoa nje. Ni desturi nzuri kwa kijiji kinachofiwa mara moja moja. Mwaka ule majani ya nyumba moja yalikuwa hayajafagiwa, nyumba ya pili yanatandikwa. Migomba ilimezwa na magugu kwa sababu hakukuwa na siku ya kulima. Kulikuwa na binti aliyeposwa tangu kahawa ilipochanua, rubisi, pombe ya ndizi ya harusi yake, ikachacha, ikatengenezwa nyingine, nayo ikachacha, mpaka baba yake akasema bora waianze ndoa kwa siki. Watoto walibatizwa kama wanaibwa. Projest alikuwa amelala kwenye chumba cha mbele, kitanda chini ya dirisha, mitambo imefunikwa shuka la kanisani la mama yake, na tangu arudi hakuwa amebonyeza kitufe hata kimoja.

"Ade," aliniambia, "hapa hata vyura wanaomba ruhusa."

"Unataka nini? Nikuletee nini kutoka mjini?"

"Mjini hakuna ninachotaka. Wewe ni mtu wa kupatana. Nipatie alasiri moja. Nipige hapa, nyumbani, kabla..." Akatafuta neno, akalikosa, akaniachia nilimalizie.

"Alasiri moja tu?"

"Ukiweza kuongeza, ongeza. Lakini najua bei ya vitu."

Nikamwambia nitawaona wafiwa. Nilitarajia atacheka, kwa kuwa desturi haikuwa na kipengele hicho: msiba hauombwi ruhusa, husubiriwa. Hakucheka. Akasema, "Anza na mama. Halafu nenda kwa Tata Rwekaza."

"Rwekaza hana msiba."

"Ana msiba kutuzidi wote. Ila tumezoea kumruka."

Mama yake, Ma Felista, nilimkuta jikoni, moshi umejaa, anapika ebitoke na maharage kwa wingi ule ule wa wakati nyumba ilipokuwa na watu wa kula. Alinisikiliza huku anamenya. Alipomaliza ndizi ile akaweka kisu chini. "Adelina, mwana wange, unataka kumfanyia mwanangu matanga akiwa anapumua?"

"Si matanga, Mawe," nilimjibu, nikimwita mama kwa Kihaya. "Ni kazi yake."

"Kazi! Afanyaye kazi anakula. Akimaliza sahani moja ya ebitoke mbele ya macho yangu, mtapiga hata altareni."

Nilifikiri amenishinda. Mdomo wa Projest ulikuwa umejaa vidonda vyeupe. Uji ulimchukua asubuhi nzima. Lakini aliposikia masharti aliomba aketishwe. Mama akamwekea sahani, akakaa mkabala naye, mikono magotini, kama msimamizi wa mtihani. Alikula. Nimeona watu wakibeba magunia ya dagaa kupanda mlima, sijaona kazi kama ile. Kila tonge alilishika kwanza kwenye shavu, akafumba macho, akameza kwa shingo nzima, na machozi yalimtoka pembeni bila yeye kulia. Sahani ikaisha. Akasema kwa heshima kuwa anatoka nje kidogo, nikamshika kwapa, tukafika nyuma ya nyumba penye migomba, na pale akarudisha vyote, akiwa ameuma kola ya shati ili asisikike. Nilifunika kwa majani makavu, nikayasawazisha kwa mguu. Tuliporudi Ma Felista alikuwa bado anaitazama sahani.

"Migombani ulifuata nini?"

"Kujisaidia, Mawe."

"Vizuri," akasema. "Aliyekula hujisaidia." Akachukua sahani, akaenda kuiosha, na aliiosha kwa muda mrefu kuliko sahani yoyote inavyostahili.

Mzee huyo, Tata Rwekaza, aliishi peke yake mwisho wa kijiji. Mwanawe alikwenda vitani na mgambo na hakurudi, wala hakurudi mtu wa kusema alipolala. Majani waliyotandika mwaka ule wa vita hayakufagiwa kamwe, kwa sababu huwezi kufunga msiba wa mtu usiyemzika. Yalipochakaa mzee alitandika mengine juu yake, na sakafu yake ilikuwa laini kama godoro la tajiri. Kwa muda kijiji kilimsubiri, kisha harusi zikaanza kupigwa bila yeye kuulizwa. Hakulalamika, akawa anafunga dirisha tu. Kwetu mgeni hupewa buni za kutafuna. Ukipewa, kuna mazungumzo, usipopewa, aga mapema. Alinipa kabla sijaketi.

"Mmekuja kuniomba mimi?" aliuliza, akauliza tena kama anayehakiki noti. "Wewe na huyo mgonjwa? Mimi?"

"Wewe, Tata. Ukikataa, hatupigi."

"Tangu vita hakuna aliyeniomba." Alitafuna mpaka buni zikaisha. "Basi mwambie amtaje mwanangu. Lakini asimtaje kama marehemu, mimi sijamwona akiwa marehemu. Ajigambe kwa niaba yake. Kijana alikuwa mwepesi wa miguu, alishindana na mbwa. Hilo aliseme."

"Jina lake, Tata?"

"Unakuja kuomba na jina hulijui?"

"Nalijua. Nataka nilisikie kwako."

"Laurian," akasema, sauti ikatoka na vumbi, kama kitu kilichokuwa juu ya kabati.

Nyumba nyingine zilikubali kwa urahisi ulionitia hofu. Watu walikuwa wamechoka kulala sakafuni. Kila mmoja alikata kipande chake: huyu alitaka spika isitazame kaburi lake jipya, yule alitaka wasicheze wawili wawili, mwingine tuishie kabla jua halijazama. Nilipatana nao mmoja mmoja, napunguza hapa, naongeza pale. Ikabaki ya Ma Veneranda, ambayo ukisimama uwanja wa kahawa unaiona ng'ambo ya migomba, kwa mwendo wa mtu kuita akasikika. Mumewe alikuwa amezikwa majuzi. Ndani alikuwa na binti yake Konsolata, aliyewahi kucheza kwenye disko letu Kashai na viatu vyekundu, sasa amerudishwa nyumbani kwa njia ile ile aliyorudi Projest, ila yeye alikuja na godoro.

Hakunipa buni. "Wewe msichana wa Kashai," alisema, amesimama mlangoni, "dagaa zako zina mchanga, na maneno yako vilevile."

"Mchanga nitaupepeta, Mawe. Maneno yapokee hivyo hivyo."

Nikaeleza. Kutoka ndani ikaja sauti, nyembamba, ya mtu anayesukuma kila neno kwa mkono. "Mama, waache wapige."

"Nyamaza wewe, tunza pumzi."

"Pumzi ya kufanyia nini?"

Ma Veneranda akageuka, na kwa kitambo kidogo nilimwona akiwa hana uso wa kupatana, uso tu. Kisha akaurudisha. "Msiba wa mume wangu nawasamehe. Mwanamume yule alipenda ngoma kuliko alivyonipenda. Lakini msiba wa huyu sitamsamehe mtu. Akiwa hai siku hiyo, pigeni. Nikipiga kilio, zimeni, hata kama neno liko katikati ya mdomo wa huyo Projest wako. Mwezi mzima baada ya hapo nisisikie hata filimbi."

"Tumekubaliana."

"Na spika," ikasema sauti ya ndani, "ielekezeni huku."

Ndipo nikapewa buni. Ni lazima nieleze jambo la kilio, kwa sababu vijana wa sasa hupata habari za kifo kwenye simu. Kwetu kifo hakikutokea pumzi ilipokatika. Kilitokea mwenye nyumba alipopiga kilio. Kabla ya hapo jirani alikuwa na haki ya kulima, kucheka, hata kukugombeza. Kilio kikishatoka, kila jembe lilianguka lilipo. Kwa hiyo mpango wetu wote, pamoja na kupatana kwangu kote, uliegemea pumzi ya mtu mmoja, na mtu huyo niliona mkono wake ukining'inia nje ya kitanda, ukiwa mwembamba kuliko kijiti cha kukorogea uji. Niliondoka pale nikiwa nimeshinda, nikakaa chini ya ukingo wa barabara, nikalia kwa hasira. Biashara gani hii, niliwaza, ambayo muuzaji na mnunuzi wote wanakufa, na dalali tu ndiye anayerudi mjini. Hata la kurudi kwangu sikuwa na hakika nalo. Mwaka ule hakuna aliyekuwa na hakika na damu yake, na kupima tulikuogopa kuliko kuumwa.

Betri mbili za gari zilikwenda kuchajiwa Muleba mjini kwa baiskeli na kurudi. Moja ilirudi nzuri, nyingine ilirudi kama ilivyokwenda. Siku yenyewe jua lilikuwa kali; tulimbeba Projest kwenye kiti mpaka uwanja wa kahawa, tukamweka chini ya turubai, blanketi magotini, maiki imefungwa kwenye fimbo ili mkono usichoke. Nilipokuwa nafunga nyaya, nilikwenda mara ya mwisho kwa Ma Veneranda kuhakikisha, kwa kuwa mimi hakuna kitu ninachokihakikisha mara moja. Nilimkuta tena mlangoni, mlango mzima umejaa yeye. Mikono yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Konsolata anaendeleaje, Mawe?"

"Amelala."

"Nimsalimie? Alitaka kujua spika..."

"Nimesema amelala. Kapigeni. Mnamaliza betri kwa maneno." Kisha, nilipokuwa nimegeuka, akaniita. "Adelina. Pigeni kwa nguvu."

Nikafurahi. Nilikimbia kurudi, nikaelekeza spika ya vita kwenye nyumba ile, nikampa Projest ishara. Alibonyeza. Na ngoma ile ya kuokoteza, iliyounganishwa kipande kwa kipande chumbani Kashai, ikatoka juu ya kijiji ambacho kwa miezi kilikuwa kimesikia kengele na kilio tu. Hakuna aliyecheza. Watu walisimama kwa makundi ya nyumba zao, wanawake wamejifunga kaniki za msiba, kama wanaosubiri kusomewa hukumu. Projest akasogeza mdomo. Sauti yake ilikuwa imebaki nusu, na nusu ile alianza nayo kwa Laurian mwana wa Rwekaza, aliyeshindana na mbwa, aliyevuka mto kabla daraja halijajua anataka kuvuka. Alisema, mimi Laurian, sijachelewa, nyinyi mmewahi. Tata Rwekaza alikuwa ameketi kwenye gogo. Akasimama. Akainua fimbo yake kama mkuki, akaijibu mistari ile kwa Kihaya cha zamani ambacho hata sisi tulikipata nusu, na kijiji kikacheka. Ninasema kucheka, na ninasikia hadi leo jinsi kicheko kile kilivyotoka na kutu.

Baada ya hapo akazitaja nyumba, moja baada ya nyingine, walio hai tu. Aliwatania wote. Binti wa rubisi iliyochacha alivutwa katikati na mchumba wake, na yule aliyekataza wachezaji wawili wawili akatazama mbinguni kana kwamba kuna ndege. Ma Felista alisimama nyuma ya kiti cha mwanawe ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, alipotaniwa kuhusu sahani zake, akasema kwa sauti, "Mwongo! Alimaliza!" Betri nzuri ikaisha, tukaunganisha ile mbovu, na kanda ikaanza kuvuta miguu, ngoma ikawa nzito, ya kilevi. DJ mwingine angezima. Projest akapunguza maneno yake, akayafuata kule chini, polepole zaidi na zaidi, mpaka ikawa kama alipanga hivyo tangu mwanzo: neno, kimya, neno. Niliwahesabu watu. Nikawahesabu tena. Aliyekosekana ni Ma Veneranda peke yake, nami nikasema moyoni, anamshikia binti yake mkono, wanasikiliza.

Vijana wa ukutani huniuliza aliacha nini. Deki ziliuzwa, spika ilikwenda parokiani ikatangaza ibada mpaka ikapasuka. Yeye mwenyewe alituacha kabla ya mvua, alasiri ile haikumwongezea siku, wala haikumwongezea mtu yeyote siku. Tuliendelea kuzika mwaka ule na uliofuata na uliofuata tena. Lakini katika kijiji kile mtu akitaka kumwoza binti yake kukiwa na msiba, huzipita nyumba za wafiwa, anaketi, anasubiri buni, anaomba. Huanza na mwenye msiba wa zamani kuliko wote. Wengi hawajui nani alianzisha, wanadhani ni desturi ya mababu. Nimeacha waamini hivyo. Kwenye sherehe ya Kashai haikuniingia akilini kulisema, na hata ningelisema, nisingelisema lote, kwa kuwa lililobaki halikuwa langu wala la Projest.

Betri ilikufa jua likiwa bado na upana wa kiganja juu ya migomba. Projest alibaki na mdomo wazi kidogo, akautazama uwanja, akasema bila maiki, "Basi." Watu wakakaa kimya, kimya ambacho hakikuwa kile cha zamani. Ndipo kilio kikatoka ng'ambo ya migomba. Kilitoka kikiwa kizima, kirefu, kama kitu kilichobanwa kwa mikono siku nzima na mikono imeachia. Wanawake tukakimbia, Ma Felista mbele, mimi nyuma yake. Ma Veneranda alikuwa sakafuni. Nilipita pembeni yake nikaingia chumbani. Konsolata alikuwa ameoshwa, amevalishwa gauni, nywele zimechanwa, mikono imekunjwa kifuani. Dirisha lililotazama uwanja lilikuwa wazi kabisa na kitanda kimesogezwa mpaka chini yake. Viatu vyekundu alikuwa navyo miguuni. Nikamgusa mkono. Ulikuwa baridi na mgumu, mkono wa mtu aliyekwisha kuondoka tangu kabla sijafunga waya wa kwanza.

Mzee wa ukoo wao akafika mlangoni akihema, akauliza inavyopasa kuulizwa, "Amefariki saa ngapi?"

"Sasa hivi," akasema Ma Veneranda kutoka sakafuni.

Mzee akanitazama mimi niliyekuwa kando ya kitanda. Ma Felista akanisogeza, akakishika kiganja kile cha mtoto wa mwenzake, akakishika kwa muda, akakiweka shavuni pake. Kisha akamgeukia mzee.

"Bado wa moto," akasema.